Nafula Aliyekuwa Akisoma Blogu Yangu

Msimamizi, naomba ufiche jina langu, kwa sababu mume wangu pia husoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja. Naishi Bungoma na binti yetu, tumwite Faith, na nafanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari karibu na Kitale. Hukaa huko wiki yote na kuja nyumbani Ijumaa. Hanipigi, halewi, na mtoto anampenda. Nasema hayo mapema ili msije mkamtukana bure.

Miaka miwili iliyopita nilianza blogu. Kabla yake nilikuwa nimeanza mbili zikafa, moja ya mapishi, nyingine ya maombi. Hii ya tatu niliandika tu mambo ya kwetu: jinsi nyanya yangu alivyochuja majivu akapikia mboga ya mrenda, jinsi wanawake wanavyoteta kwenye foleni ya kusaga mahindi pale posho mill, mvua ya mawe iliyolaza mahindi yetu Kiminini nikiwa darasa la sita. Wakubwa wakitoka saa kumi, mimi hubaki kwa kompyuta ya ofisi mpaka giza likaribie. Kwa miezi minne hakuna mtu aliyeandika neno lolote chini ya kazi yangu. Nilikuwa karibu kuiacha hiyo pia, ndipo akaja Nafula.

Alisema ni muuguzi, mtu wa Bungoma, anaishi ng'ambo na anapakumbuka sana nyumbani. "Dada, huo mrenda wa nyanya yako umeniliza nikiwa kazini," aliandika. Kila wiki alirudi na neno jipya. Nilianza kuandika nikimfikiria yeye. Baadaye tukawa tunaandikiana barua pepe, na mimi nikamwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia hata dada yangu wa kuzaliwa.

Nilimwambia juu ya mimba yangu ya pili iliyotoka. Niliandika hivi: "Nililala hospitali siku tatu. Siku ya pili mume wangu alirudi kufundisha. Tangu hapo naishi na mtu nisiyemjua. Kama si huyu mtoto, ningesharudi kwetu."

Nafula alinijibu: "Pengine alienda shuleni kwa sababu hakujua akae wapi na uchungu wake. Wanaume wengine hawana maneno, dada. Mvumilie." Nilimshukuru. Nikaona huyu mwanamke ana hekima.

Mwezi wa nane nilienda Kitale kumnunulia Faith sare ya shule. Nilipomaliza niliingia saiba moja, duka la intaneti, niangalie kama Nafula ameandika. Msichana anayesimamia pale aliniangalia, akaniuliza, "Si wewe ni bibi ya mwalimu? Mliwahi kupita hapa na mtoto." Nikasema ndiyo. "Basi kaa kwa mashine yake, ile ya nne. Ametoka saa hii tu, ameenda mkutano shuleni. Huwa anakuja kila Jumatano, ati anaandika kitabu."

Nikakaa. Nilipofungua barua pepe, haikuniomba neno la siri. Ilifunguka yenyewe, na jina lililokuwa pale juu lilikuwa la Nafula. Chini yake zilikuwa barua zangu zote, mpaka ile ya hospitali.

Mtadhani nililia. Sikulia. Niliisoma ile barua ya hospitali mara moja, nikaifunga, nikamwambia yule msichana asante. Nilifika nyumbani nikapika ugali na sukuma, nikamjaribisha Faith sketi, nikaona ni ndefu, nikaipinda. Ijumaa mume wangu alikuja, akala, akauliza, "Mama Faith, na siku hizi blogu inaendeleaje?" Nikamwambia kazi ni nyingi ofisini. Akasema, "Usiiache bana. Unaandika vizuri." Aliongea akiangalia sahani.

Kutoka siku hiyo sijaandika. Saa kumi ikifika nafungua ukurasa, naandika kichwa, nakifuta, nazima kompyuta, nafunga mlango. Nilijiambia labda nikipata msomaji wa kweli, moyo utarudi. Na amekuja kweli. Wiki mbili zilizopita mama mmoja kutoka Kapsokwony alikuja ofisini kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Aliposikia wenzangu wakiniita, akauliza kama mimi ndiye yule Mama Faith anayeandika. Alisema binti yake huzichapisha kazi zangu kwenye karatasi na kumsomea jioni, na kwamba ile ya mvua ya mawe alitaka asomewe mara tatu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitabasamu na kumpa fomu ajaze. Ilikuwa kama ananiletea salamu za mtu aliyehama.

Wiki iliyopita Nafula aliandika tena: "Dada yangu, mbona umenyamaza? Kama kuna neno nilikosea, nisamehe. Ile siku ya pili, pengine alitaka kurudi hospitali akakuta miguu imekataa."

Miaka minne tangu nitoke hospitali tumelala kitanda kimoja, na hilo neno hajawahi kulitamka. Ijumaa alipokuja nilimngojea aseme. Aliniomba chumvi.

Blogu ikifa, ife. Kinachonitia hofu ni kwamba hata hasira sina. Ninyi mlio kwenye ndoa, na ninyi mnaoandika pia, niambieni: nimjibu Nafula, ambaye anajua kuongea na mimi, au nimwambie Baba Faith mezani kwamba ninajua, na pengine nisisikie tena sauti ya yeyote kati yao? Nishaurini, nifanye nini?