Tarumbeta Iliyofutwa

Léontine alikuwa sokoni Bunia akikata makayabu, samaki wakavu wa chumvi, redio ya jirani ilipopiga wimbo alioimba yeye mwenyewe. Kisu kikasimama. Sauti ilikuwa yake, gitaa lilikuwa la Théodore, lakini mahali pa tarumbeta ya Eugène kulikuwa na kinanda cha umeme kinalialia. Kisha mtu asiyemjua akataja jina la komanda aliyeshika mji, akamsifu kuwa simba wa Ituri.

Wimbo ule Eugène aliutunga kumlilia mama yake, aliyezikwa Nizi. Shari Jazz, orkesta yao, walikuwa wamepiga kwenye harusi na matanga miaka mingi bila kurekodi. Albamu yenye wimbo huo, kaseti yao ya kwanza, waliirekodi pamoja kabla vita haijaingia mitaani. Baadaye watu wakaanza kuulizwa kabila kwenye vizuizi. La Eugène halikutakiwa tena mjini. Alikimbia kwa miguu, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake.

Léontine alimwachia jirani meza, akaenda moja kwa moja kwa Théodore, mkubwa wa orkesta. Alimkuta anapanga kaseti mpya kitandani. Kwenye picha ya jalada, pembeni ya Léontine, lilibaki bega tu la mtu aliyekatwa.

Théodore alijieleza sana. Bila jina la komanda wasingepiga tena Bunia, alisema, na Eugène mwenyewe, kama bado yuko hai, angeelewa.

“Mama Léontine, siye tunataka kuishi tu.”

“Weye ulikula kwa nyumba yake,” Léontine akamjibu. “Mama yake alikuita mutoto. Leo unakamata kilio yake, unapatia mutu mwenye alimufukuza.”

Théodore alimkumbusha tu kwamba Jumamosi kaseti inazinduliwa mbele ya komanda, na asipokuja, askari watamfuata nyumbani.

Akaja. Aliimba vizuri, kwa hasira, hata waliokuwa wanakunywa wakaweka chupa chini. Wimbo ulipofika mahali pa tarumbeta, akainua mkono, akamzuia mpiga kinanda.

“Hapa ni nafasi ya Eugène,” alisema kwenye mikro. “Yeye ndiye alitunga. Sitataja jina ingine.”

Akaweka mikro chini, akatoka. Théodore alikuwa anatazama nyuzi za gitaa lake. Nje, askari walimpiga Léontine kwa kitako cha bunduki mpaka taya likavunjika. Dada yake Agathe alimficha, kisha akampakia kwenye lori la kwenda Mahagi, katikati ya magunia ya maharagwe.

Taya lilipona, lakini upande upande. Maneno mengine hayakutoka tena sawasawa, na kuimba kukaishia hapo. Kaseti iliuzwa sana.

Bunia ilipotulia, Théodore alifika Mahagi. Alitaka ushauri wake kwa albamu ya pili, na msamaha kama ungepatikana. Léontine alimpa kiti na maji, kama mgeni yeyote. Akamsikiliza mpaka mwisho.

“Eugène iko wapi?” akauliza.

Théodore alisema hajui.

“Ulimutafuta?”

“Hapana, Mama Léontine.”

“Basi enda umutafute kwanza.”

Akaingia jikoni kusonga bugali. Alimimina unga kwa hasira ile ile, mwingine ukamwagika chini, naye hakutoka kumsindikiza mgeni.