Jicho la Bibi kwenye Kitako cha Bunduki

Zamani tulikuwa na mbuzi mmoja aliyekula chochote, hata kanga iliyoanikwa. Siku moja akala kikapu cha bibi, nusu nzima, na bibi hakumpiga. Alikaa naye uani kwenye baridi ile ya Mufindi, ya kuvunja barafu kwenye ndoo asubuhi, akamsemesha kama mtu: "Wewe umekula jicho langu." Mbuzi huyo namkumbuka kuliko walimu wangu, maana walimu nilikaa nao kidogo tu.

Jicho, ngoja nikueleze. Wanawake wa kwetu walisuka vikapu kwa milulu, zile nyasi ndefu za bondeni, na kila mmoja alikuwa na alama yake, ndiyo tuliyoiita jicho. Ya bibi ilikuwa pembe nne ndogo iliyoachwa wazi karibu na mshikio, katikati umepita uzi mmoja. Hata gulioni Kihesa, vikapu vikichanganyikana, waliulizana tu, "Jicho la nani hili?" Wanaume habari hiyo hawakuijua. Kwao kikapu ni kikapu.

Babu naye alikuwa na bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, aliyoachiwa na mzungu wa chai aliporudi kwao Ulaya. Kitako chake kilikuwa na chale ndogondogo zilizokatishana, kama kikapu hasa, ili mkono wenye jasho usiteleze. Bibi alizipaka mafuta, nami nikazipitishia kidole huku nakula mahindi ya kuchoma. Usiku wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, kikohozi cha babu shambani ndicho kilichonilaza.

Babu alipokufa, jirani alikuja kabla matanga hayajaondolewa. Akasema bunduki haikai na mwanamke. Bibi akamwambia nguruwe watamaliza mahindi. Jirani akacheka. "Kwani utawinda nini, mama? Panzi?" Akaondoka nayo. Nguruwe walimaliza mahindi kweli. Tukahamia Mbeya mjini, mtaa wa Soweto, kwenye chumba cha shangazi, na bibi akafia huko mbali na milulu yake. Sijasamehe. Watu wa kanisani huniambia nisamehe, nami huwaitikia vizuri tu.

Basi mwaka huu nipo kibandani kwangu Mafinga, natengeneza kitanda, akaingia mzee na blanketi.

"Kamwene, fundi."

Nikaitikia. Alipofungua blanketi, mkono wangu uliijua bunduki ya babu kabla ya macho. Kibali cha serikali anacho, kwa jina lake. Alikuwa jirani yule yule; mimi hakunijua, maana aliniacha mtoto. Chale zilikuwa zimelika zikawa laini, alitaka zichongwe upya, maana Jumapili angemkabidhi mkwewe mbele ya ukoo.

"Niliinunua kwa mzungu mwenyewe," akasema.

"Bila shaka, mzee."

Ningeweza kukipasua kile kitako. Lakini ningempasua babu. Nilisugua uchafu kwa mswaki na spiriti, nikafuata mistari ya zamani kwa tupa ya pembe tatu niliyoinoa ncha, polepole, maana ukisukuma kwa pupa chuma huruka mpaka, na mti ukishakatwa haurudi. Nikapaka mafuta. Ila pale kidole gumba kinapokaa niliacha pembe nne wazi, nikapitisha mstari mmoja katikati.

Alipokuja kuichukua akaliona jicho lile. "Umenitilia na urembo," akasema, amefurahi. "Njoo Jumapili unywe ulanzi."

Nikaenda kwake, kijiji kile kile tulichohama. Bunduki ikapita mkono kwa mkono, watu wanasifu, hadi kwa bibi kizee mmoja aliyekuwa akisuka na bibi yangu. Kidole chake kikasimama penye jicho. Akaiweka bunduki mkekani, akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kikapu cha zamani, cheusi kwa moshi, chenye jicho la bibi, akakilaza mkekani ubavuni mwa kitako. Wanawake wote wakasogea.

"Ulisema ulinunua kwa mzungu," akamwambia mzee. "Huyo mzungu alifundishwa kusuka na nani?"

Mzee akacheka peke yake. Mkwe akaisukuma bunduki mbali naye, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Fundi, waambie ni urembo tu."

"Bibi yangu amempata panzi wake, mzee," nikasema.

Hapo ndipo akanijua. Nilimtazama mpaka akainamisha macho.

Ulanzi sikuugusa. Nikapita palipokuwa na nyumba yetu. Sasa ni miti ya paina, mistari kwa mistari, na bonde la milulu limekauka, hakuna hata unyasi wa kufungia kuni. Nyuma yangu mzee alikuwa ananifuata akiita, "Fundi, fundi." Nikashika njia ya malori. Sikugeuka, na sijarudi.