Mpelelezi Aliyenivulia Kofia

Niseme wazi tangu mwanzo: ile shikamoo ni yangu. Mwongozaji hakuibuni, wala haikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Kila wanapoirudia kwenye televisheni ile tamthilia ya zamani ya mpelelezi mwenye koti refu, watu hunisimamisha sokoni Tabora na kunisimulia ya nyuma ya kamera, kana kwamba sikuwapo. Wanajua kituo cha polisi kilikuwa ghala la tumbaku kule Goweko. Wanajua damu ilikuwa juisi ya rozela, sukari ikazidi, nyuki wakaivamia, na maiti akainuka akatimua mbio. Hayo ni kweli, nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini la shikamoo wanalijua vibaya, na linaniuma.

Mimi ni mkulima wa Itetemia na mwimbaji wa kwaya. Walikuja wakitafuta nyumba ya udongo yenye ua mpana, wakaipenda yangu, kisha wakaona hata mimi ninafaa. Nicheze mama aliyeficha vitu vya wizi. Mpelelezi aingie, aseme niko chini ya ulinzi, nami ninyooshe mikono nifungwe pingu. Basi.

Kijana aliyecheza mpelelezi akaingia kwa kishindo. "Mama, uko chini ya ulinzi!"

Nikaweka mikono nyuma.

"Kata!" mwongozaji akafoka. "Mama, mikono!"

"Hajanisalimia."

"Anakukamata, mama. Mhalifu hasalimiwi."

"Mhalifu ni huyo mliyemwandika. Hapa ni kwangu, na majirani wanatazama. Mtoto wa watu hawezi kuingia kwangu bila salamu."

Tulijaribu mara nne. Mwongozaji akasema atatafuta mwingine, nikamwambia atafute. Akaitwa mama aliyekuwa akiwapikia wali. Akasimama mahali pangu, akaelezwa yote, akatikisa kichwa akikubali, halafu akauliza, "Na salamu je?" Nilimpenda mama yule kuanzia dakika hiyo, na mpaka leo tunaimba naye sauti ya pili.

Wakanirudisha. Mara ya tano nilimkazia macho kijana mwenyewe, nikamwambia yeye badala ya mwongozaji: "Hujanisalimia." Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya lile koti. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Nikanyoosha mikono.

Mwongozaji alisahau hata kusema kata. Tangu hapo yule mpelelezi akawa hamfungi pingu mtu mzima bila kumwamkia kwanza, na nchi nzima ikampenda kwa hilo.

Mwaka huu walikuja kutengeneza kipindi cha kumbukumbu. Mtangazaji, binti mpole, aliniamkia vizuri tu, sina neno naye hapo. Tatizo lilikuwa karatasi aliyonipa. Ilitaka niseme kwamba mwongozaji ndiye aliyebuni ile salamu, sisi tukamfuata. Mzee mwenyewe ameshasema hivyo, na kipindi ni cha kumuenzi.

"Ni sentensi moja tu, mama. Usipoisema, wataiondoa sehemu yako yote."

Sidanganyi, niliitaka ile sehemu. Nilikuwa nimeshawatangazia wanakwaya wote, na kitenge nilichovaa kilikuwa kipya. Nilitaka wajukuu wanione nikizungumza kwa sauti yangu. Nikaitazama karatasi, nikaitazama kamera, nikaweka mikono nyuma.

Waliniondoa kweli. Siku ya kipindi wanakwaya walijaa sebuleni kwangu, na kwa kuwa nilikuwa nimewaalika mwenyewe, sikuwa na pa kujificha. Mwongozaji akaeleza kwa madaha jinsi wazo lilivyomjia. Hasira zilinipanda mpaka nikaweka kikombe chini.

Kisha wakaonyesha kile kipande cha zamani, chenyewe, kizima. Kabla kijana hajavua kofia, kamera iko usoni kwangu. Wameweka ngoma kuifunika sauti yangu, na miaka yote hiyo tulikuwa tukiisikiliza ngoma. Safari hii niliutazama mdomo wangu. Unatembea. Nikageuka kuwaonyesha wenzangu, lakini mama aliyepika wali alikuwa ameshauona. Alinyoosha kidole kwenye televisheni, akamsemea yule mimi wa zamani kwa sauti ya kanisani:

"Hujanisalimia!"