Watoto Waliojificha Migombani

Mume wangu alipovunjika mguu na bodaboda yake kufunikwa turubai, nilitazama nilichobaki nacho: sebule, uwanja wenye migomba pembeni, na sauti kubwa. Nikaanza kulea watoto wa kina mama wanaokwenda sokoni na ofisini Tukuyu mjini. Wa kwanza aliletwa na jirani anayeuza ndizi. Kabla masika hayajaisha kamba ya nguo ilikuwa haina nafasi, maana kwetu mvua hainyeshi, inahamia. Suruali ndogo zilikaushwa juu ya jiko la mkaa, na nyumba nzima ikanuka mkojo na uji wa ulezi. Mume wangu, mguu juu ya stuli, nikampa cheo cha mfuta makamasi mkuu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea.

Sasa, nyumba yetu ya Kawetele iko ndani ya kiwanja cha baba mkwe. Yeye anakaa upande wa pili wa migomba. Na kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hata jina lake halitaji. Wengi siku hizi wameachana na mwiko huo, wanashikana mikono na wakwe zao nje ya kanisa bila wasiwasi. Mimi nililelewa na bibi, na bibi hakuwa na mzaha. Tangu niolewe, nikisikia kikohozi cha mzee njiani, narukia nyuma ya mgomba na kuinama mpaka apite. Nadhani alikuwa akikohoa makusudi ili anipe muda.

Sikujua kwamba nina wanafunzi. Watoto walimwona anti yao akikimbia, nao wakakimbia. Kikohozi kikisikika, uwanja ulibaki mtupu, makalio madogo yamejipanga nyuma ya migomba. Niliona ni mchezo tu, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kicheko kiliniisha siku mama mmoja, muuguzi, alipokuja asubuhi bila mtoto. Babu wa mtoto alikuwa amesafiri kutoka Matwebe na kikapu cha maparachichi kuja kumwona mjukuu. Mzee akakohoa mlangoni kwao, kama wazee wote wanavyobisha, na mtoto akapotelea chini ya kitanda. Walimbembeleza, akagoma kutoka. Mzee alikula, akarudi kwake siku ileile.

"Anti, ni mzee gani anawapiga watoto hapa kwako?" muuguzi aliniuliza.

Nilijaribu kumweleza mambo ya mgomba. Lakini yeye ni mtu wa Tanga, na baba mkwe wake humwandalia chai wakanywa meza moja. Aliniona kama mtu anayedanganya vibaya. Jioni wazazi wengine wawili waliniuliza swali lilelile, kwa upole unaotisha. Niliogopa kweli. Watoto wale ndio walikuwa unga wetu, sabuni yetu na dawa ya mguu.

Mume wangu alicheka, akaona uso wangu, akaacha. Akachukua magongo yake na kuchechemea kwa baba yake. Nilibaki nikijiuliza mzee atasema nini akisikia kwamba heshima yangu imemfanya zimwi.

Kesho yake kikohozi kikaja. Tukakimbia wote. Safari hii mzee hakupita. Alisimama katikati ya uwanja, akatugeuzia mgongo na kuielekea kamba ya nguo.

"Watoto, tokeni," alisema. "Anayejificha ni mmoja tu, kwa sababu ameolewa na mwanangu. Ninyi nani kawaoa?"

Kisha kasichana kamoja kakatoka, kakatangaza kwamba kenyewe hakajaolewa. Wenzake nao wakagundua kwamba hawajaolewa. Mzee akawagawia ndizi mbivu, nami nikabaki peke yangu nyuma ya mgomba, nimejiziba mdomo nisicheke.

Akawa anakuja kila asubuhi, na kikohozi chake kikawa kengele ya ndizi. Baada ya muda muuguzi, ambaye hakuwa amemrudisha mwanawe, akapita kuchungulia. Alikuta watoto wakimkimbilia mzee, wakigombania magoti yake. Kesho yake alimleta mwanawe, na nyuma yao alikuwa babu wa Matwebe na kikapu chake. Babu akakohoa kwa woga kidogo. Mjukuu, akiwaona wenzake wakikikimbilia kikohozi, naye akamrukia.

Baba mkwe alimkaribisha mwenzake benchini, kisha akawageukia watoto, mgongo kwangu.

"Mwambieni yule wa mgombani, ndaga fijo. Tangu bibi yenu, mke wangu, afe, kiwanja hiki kilikuwa kimya mno."

Ile ndaga fijo, yaani asante sana, ilinitoa machozi. Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniambia neno, wala mimi sikuwahi kumjibu, na hata sasa mwiko ulikuwa mwiko. Nikafuta macho kwa kanga. Kisha, nikiwa nimeinama nyuma ya mgomba wangu, nikakohoa.