Supu ya Kambare na Mikono ya Bibi Salome

Harufu ya kambare anayechemka hunitoa nje ya nyumba mpaka leo. Nilikuwa darasa la pili mgambo walipobomoa tembe yetu, paa la udongo likaangukia vibuyu vya samli, wakatuswaga kwa fimbo hadi kijiji kipya cha Ujamaa. Ng'ombe wetu wote walipotelea huko porini. Kijiji kiliwekwa kando ya bwawa, chini ya machimbo ambako watu waliosha dhahabu kwa zebaki, na maji yao yalishuka mpaka kwetu. Sisi Wanyaturu mjamzito humpa samli na supu ya ng'ombe ili mtoto awe na nguvu. Ng'ombe hakuna, basi mama, aliyekuwa mjamzito, akapewa supu ya kambare wanene, asubuhi na jioni. Alikunywa kwa furaha, na sisi tulimwonea wivu.

Mdogo wangu Elia alizaliwa akitetemeka. Shingo haikukaza, macho hayakufuata kitu. Wakazaliwa wengine vilevile, na paka wakawa wanazunguka kama walevi na kuangukia motoni. Watoto wote hao walipokelewa na Bibi Salome, mkunga wetu, mwanamke mcheshi niliyempenda kuliko bibi zangu wa damu. Minong'ono ya uchawi ikaanza kisimani.

Asubuhi aliyokufa mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, wanaume walimburuta Bibi Salome uwanjani kwa nywele zake.

"Watoto wetu umewafanya nini?"

"Nimewapokea tu, wanangu. Nimewapokea tu!"

Wakalaza kinu, wakamshikilia mikono juu yake, wakaiponda kwa mchi ili asipokee mtoto tena. Nilisikia mifupa ikivunjika. Kisha mama akanifunga Elia mgongoni, akauchukua mchi, naye akapiga. Bibi Salome alikufa kabla ya mavuno, vidonda vyake vikinuka, na hakuna aliyempelekea hata maji. Nilikichukia kijiji kile chote, na hasira hiyo sijaimaliza.

Siku hizi kuna zahanati, na ng'ombe wamerudi, ingawa vijana bado wanaikoroga zebaki kwa mikono mitupu. Elia ana mvi, na namlisha kwa kijiko. Juzi mganga wa zahanati alituambia wazi kwamba sumu ile iliingia kwenye samaki, na kupitia mama ikamfikia mtoto tumboni. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mama kwamba Bibi Salome hakuwa mchawi.

"Nimesikia," alisema. "Ila supu niliinywa mimi. Niachie mchawi wangu, mwanangu."