Siku Tuliyosogeza Mpaka wa D

Enzi zetu kule Kikima, milimani Mbooni, nyumba yenye kompyuta ilijulikana hadi ng'ambo ya bonde. Ya kwetu ilikaa sebuleni juu ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mama alikipiga pasi kila Jumapili. Baba alikuwa na duka la spea za malori kule Kambu, na aliinunua kwa Mzee Abdi, msafirishaji aliyekuwa akifunga ofisi yake. Ililetwa kwa lori, imezungushiwa godoro. Miezi mingi baadaye, ikipata moto, sebule nzima bado ilinuka dizeli.

Nilikuwa darasa la saba, na dada yangu Mwikali alikuwa kidato cha pili. Likizo ya Desemba tuliamka kukiwa na ukungu, tukapalilia maharagwe kwenye matuta hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, kisha tukarudi kula muthokoi wa jana, mahindi ya kukoboa na maharagwe, uliopashwa moto mpaka ukashika sufuria. Ule wa chini, ulioungua kidogo, tuliugombania. Zamani mchana tulikuwa tukicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa jirani, kwa mpira wa soksi kuukuu na karatasi za nailoni. Kompyuta ilipokuja, ule mpira ulibaki umelala uani tu.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa akisomea diploma kwa njia ya posta. Kwa kazi yake ya mwisho alizunguka kwa miguu boma hadi boma akiuliza kwa nini wasichana wanaacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane. Kila jioni, miaka miwili, alikaa pale mezani akichapa kwa vidole viwili. Kazi hiyo haikuwa mahali pengine popote. Tundu la disketi lilikuwa limekufa kwa vumbi la Kambu, na printa ilikuwa kwa fundi. Mama alitakiwa kuipeleka kazi hiyo chuoni Januari.

"Chezeni na hiyo mashine," alituambia, "lakini kitu changu msikiguse."

Shida ililetwa na mchezo wa magari. Binamu yetu Muthama, aliyekuwa akisomea kompyuta Nairobi, alikuja kututembelea akatuletea sidii ya mchezo huo. Ukakataa kuingia. Alitueleza kwamba diski ya kompyuta yetu imegawanywa vyumba viwili, C na D. C kilikuwa kidogo na kimejaa, na mchezo ulitaka kuingia C tu. D kilikuwa kikubwa, karibu kitupu, isipokuwa kazi ya mama. Basi akatuchorea nyuma ya kalenda: mstatili, na mstari katikati.

"Mnausukuma mstari huu, C inakuwa kubwa, D inapungua," alimwambia Mwikali, akampa sidii ya pili yenye programu ya kufanya hivyo. "Vitu vya D vitahamishwa pole pole. Lakini stima isipotee katikati. Ikipotea, hesabu kila kitu kimeenda."

Mimi nilianza kuogopa hapo hapo. Kwetu watu walikuwa wameshatoana damu kwa sababu ya mtu kusogeza mpaka wa shamba hatua moja. Lakini Mwikali aliikunja ile kalenda akaiweka kwenye Biblia yake.

Jumamosi moja mama alikwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Hata hajafika barabarani, Mwikali alikuwa ameshaondoa kitambaa.

"Na stima?" nikamuuliza.

"Angalia nje. Kuna jua."

Kweli kulikuwa na jua. Akasogeza mstari kwa mausi, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kisha ukatokea mchirizi mwembamba na namba chini yake: asilimia moja. Juu yake maandishi ya Kiingereza yalisema usizime mashine. Tulikaa tukingoja. Baada ya saa nzima ilikuwa asilimia thelathini, na jua lilikuwa limeondoka.

Waliokulia milimani Mbooni wanajua mvua ya Desemba. Kwanza upepo ulishika mikaratusi iliyopakana na nyaya za stima. Kisha matone makubwa yakaanza kupiga mabati, na balbu ya sebuleni ikafifia, ikarudi.

"Zima," nilimwambia Mwikali.

"Nikizima ndiyo imeisha kabisa."

Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mashine, kama mtu anayemshika ng'ombe asiondoke. Midomo yake ilikuwa imekauka. Namba ikasema hamsini na mbili.

Mvua iliufunga mkutano mapema. Mlango ulifunguliwa, mama akaingia akichuruzika maji, leso imemganda kichwani. Alitutazama, kisha akasogea akasoma skrini.

"Kazi yangu iko wapi?"

"Iko ndani, mwaitu," Mwikali akasema. "Inahamishwa."

"Stima ikienda?"

Nilingoja kofi, na kusema kweli nililitaka, maana ningejua tumefika mwisho. Mama hakuinua mkono. Alisema kwa sauti ndogo, "Zimeni taa. Chomoeni redio. Chomoeni na pasi." Sidhani ilisaidia chochote, lakini tulikimbia kufanya. Kisha akavuta kiti, akakaa na nguo zake mbichi, sisi huku na huku, tukaangalia namba. Sitini. Sitini na moja. Radi ilipopiga upande wa Tawa alinishika goti, akalibana hadi likauma. Mpaka siku ile sikujua kwamba mama naye huogopa. Hilo lilinitisha kuliko radi.

Wakati mmoja skrini ilififia, mlio wa feni ya ndani ukalegea. Mama alifumba macho. Mashine ikashika tena.

Ilipofika mia moja ilijizima yenyewe na kujiwasha. Mama alifungua kazi yake, akashuka ukurasa kwa ukurasa hadi neno la mwisho. Yote ilikuwepo. Ndipo akauliza, "Mwikali, ulijua iko humo?"

"Nilijua."

"Na ukafanya kwa sababu gani?"

"Mchezo."

Mama aliinuka akaenda jikoni, tukamsikia akilia. Kesho yake alinunua madaftari manne, na tangu hapo hadi Krismasi tulinakili kazi yote kwa mkono, mimi na Mwikali kwa zamu, mama akitusomea kutoka kwenye skrini. Nililiandika kwa mwandiko wangu jina la msichana niliyekaa naye dawati moja darasa la nne. Alikuwa ameolewa. Mchezo wa magari tuliuweka, ukaingia vizuri, tukaucheza mara mbili tu.

Mama alifaulu diploma yake, na miaka mingi baadaye akastaafu akiwa mwalimu mkuu. Juzi nilimsimulia binti yangu kisa hiki. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Si mngebakap tu?" Simu yake ilianguka mtoni mwaka jana, na kesho yake picha zote zikarudi kwenye simu mpya kana kwamba hakuna kilichotokea. Alilia kwa dakika tano, kwa sababu ya kava la simu.

Nafurahi kwamba hajui hofu ile. Lakini jioni, kila mtu akiwa chumbani kwake na kioo cha simu yake, mara nyingine nakaa sebuleni peke yangu, natamani kuwe na kitu kimoja tu ndani ya nyumba hii ambacho sote tungekizunguka na kukiogopea pamoja.