Mwindaji Aliyempa Mbwa Wetu Mgongo

Baba alishaapa kwamba mbwa wetu, ambaye hata mwaka hajatimiza, akimng'ata mtu tena, atamwita askari wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aje na bunduki. Mama akamwita kwanza mwindaji wa kijiji cha Kishanda, mjuzi wa mbwa. Alikuja akitafuna buni zake kavu za kahawa, akaketi migombani akimpa mbwa mgongo, mkono wake wa vidole vitatu ameulaza majanini. Mbwa akanguruma.

“Mzee, atakung'ata!” nikapiga kelele.

“Taratibu, mwanangu. Kelele zako zinamtisha.” Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesali.

Mbwa akasogea, akavinusa vile vidole, akaviramba. Hapo nikaona jasho likimtiririka mzee shingoni.

“Kumbe hata wewe unaogopa?”

“Sana,” akasema, mkono hakuusogeza. “Mwambie baba yako asimwite askari bado.”